Kabla hujategemea nakala za seva yako: mambo ya kuzingatia

Hakikisha diski ya nakala ina nafasi ya kutosha. Iweke mbali na seva yenyewe, ikiwezekana jengo jingine. Tarehe kwenye jina la faili ianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ili orodha ijipange yenyewe. Hayo unayafahamu, tusipoteze muda.

Chagua muundo wa kifurushi, yaani faili moja inayobeba faili nyingi, kabla ya kuandika amri. Faili za Linux zinazorudi Linux zifungwe kwa tar, programu ya kufungasha, maana inabeba mwenye faili, ruhusa zake na viungo vyake (njia za mkato kwenda faili nyingine). Tar ilikuja na toleo la 7 la Unix, mfumo ulioitangulia Linux, mwaka 1979, enzi za tepu, na mpaka leo inaandika kwa vipande vya baiti 512. Muundo wake uliowekwa kwenye POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix, mwaka 1988, unaoitwa ustar, una mipaka inayouma: jina la faili lina baiti 100, njia ya kulifikia baiti 155, na faili moja haiwezi kufika GB 8, kwa sababu ukubwa wake huandikwa kwa tarakimu 11 tu za hesabu ya msingi wa nane. Muundo wa pax, ulioingia kwenye kiwango hicho mwaka 2001, uliondoa mipaka hiyo. Andika `--format=pax` mwenyewe. Usiiachie programu ikuchagulie, kwa kuwa tar ya GNU iliyo kwenye Linux na tar iliyo kwenye Mac si programu moja, na kila moja ina mazoea yake.

Zip mpe mtu wa Windows anayetaka nyaraka na picha. Zip ya mwaka 1989 ilikomea GB 4 kwa faili na faili 65,535 kwa kifurushi. Zip64 ya mwaka 2001 ilipanua, lakini programu kongwe haziifungui. Kuhamisha seva nzima kwa zip kunaweza kukuachia kazi ya kurudisha wenye faili na ruhusa zao, moja baada ya nyingine.

Majina ya faili yawe ya herufi ndogo. Ripoti.pdf na ripoti.pdf ni faili mbili kwenye Linux. Ukizifungulia kwenye Windows, moja itaimeza nyenzake. Na usiandike saa kwa nukta pacha kwenye jina, Windows hailipokei.

Sasa jambo ambalo watu hawaliangalii mpaka wameumia. Chama kimoja cha kuweka na kukopa kiliniita baada ya diski ya seva yao kufa. Mhasibu alikuwa ametulia kabisa. “Mwanangu, nakala zipo, kila asubuhi nikifika naziangalia,” akaniambia. Na kweli alikuwa akiziangalia: faili moja kwa kila usiku, tarehe zimefuatana bila kuruka hata moja. Nikaifanya orodha ionyeshe na ukubwa. Safu ile ikasoma 20, 20, 20, juu mpaka chini. Baiti ishirini ndio urefu wa faili ya gzip (programu ya kubana faili) isiyo na kitu ndani: kichwa baiti 10, alama ya kwamba hakuna data baiti 2, mkia baiti 8.

Amri yao ilikuwa `mysqldump`, inayotoa nakala ya hifadhidata, ikiunganishwa na `gzip` kwa alama ya |, inayopeleka matokeo ya amri ya kwanza kwa ya pili. Nenosiri la hifadhidata lilibadilishwa, lile la kwenye skripti (faili ya amri za kila usiku) likabaki la zamani. Mysqldump ikakataliwa, gzip ikapokea utupu, ikaubana vizuri na kuripoti kwamba kazi imefaulu. Shell, yaani programu inayotekeleza amri, usipoiambia vingine, huchukua jibu la amri ya mwisho tu. Ujumbe wa kosa ulikwenda kwenye sanduku la barua la ndani ya seva, ambalo hakuna aliyewahi kulifungua. Hata `gzip -t` isingewasaidia, kwa sababu faili ile ni nzima. Haina kitu tu. Kilichowamaliza kabisa ni mstari wa mwisho wa skripti, uliofuta kila nakala iliyopitisha siku 30. Kila usiku nakala moja nzuri ilifutwa na moja tupu ikaongezwa, mpaka zikabaki tupu peke yake. Wanachama waliitwa walete vitabu vyao vya akiba, watumishi wakakaa kuingiza salio kwa mkono. Aliyepoteza kitabu chake alibaki na neno lake tu.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwanzo wa skripti andika `set -eo pipefail`, ili amri yoyote ya katikati ikianguka, kazi nzima isimame. Kifungu cha pipefail kimeingia rasmi kwenye POSIX ya mwaka 2024, ila bash, aina moja ya shell, inacho tangu zamani. Kwenye Debian na Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, `sh` ni dash, shell nyingine, na dash za zamani hazikijui, basi ita bash waziwazi. Andikia nakala kwenye jina la muda kwanza. Ifungue, usome mstari wake wa mwisho: mysqldump ikimaliza salama huacha maneno “Dump completed”. Ukiyaona, ndipo uipe jina lake halisi, na ndipo uruhusu kufuta ya zamani. Si kabla.

Mara kwa mara irudishe nakala yote kwenye mashine nyingine na uhesabu rekodi zilizomo. Kuorodhesha majina hakutoshi.

Chukua alama ya SHA-256 (namba inayokokotolewa kutokana na baiti za faili) ya kila kifurushi na uihifadhi kwingine. Lakini elewa inachopima: baiti za kifurushi, si maudhui. Januari 2023 GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo wa programu, ilibadilisha namna ya kubana vifurushi inavyovitengeneza yenyewe. Faili za ndani zilikuwa zilezile, alama zikabadilika, kazi za watu wengi zikakwama, na mabadiliko yakarudishwa nyuma. Programu unazopakua nazo zikague. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu nyingine ya kubana faili, mwaka 2024, yalikuwa na mlango wa siri, na sehemu ya kuuwasha ilikuwa ndani ya vifurushi vya tar vilivyotolewa kwa watu, haikuwamo kwenye hazina ya msimbo. Mhandisi wa programu Andres Freund aliugundua kwa sababu alishangaa kuingia kwa ssh, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde.

Nenosiri la nakala zilizosimbwa lisikae kwenye seva ileile. Saa ya seva iwe sahihi. Barua za cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba, zielekeze kwa mtu anayezisoma. Mtu wa pili ofisini ajue nakala ziko wapi na zinafunguliwaje, na ukihama mashine, ya zamani usiifute mpaka mpya imefunga hesabu za mwezi mzima.