Programu ya kuchorea kwa ofisi ndogo: chora geti moja kwanza

Wengi wanaonijia hapa Kisumu huanza na jina: "Niwekee AutoCAD." Mimi huuliza kwanza, unachora nini? Mwenye karakana ya vyuma kule Kibuye na mchora ramani wa Milimani hawana kazi moja.

Hatua ya 1. Toa michoro yako mitatu ya mwisho, iweke mezani. Ikiwa ni mageti, madirisha na ramani za vyumba, programu ya kuchora bapa, yaani urefu na upana tu, inatosha. LibreCAD ni ya bure, hata kwa kazi ya kulipwa, na haina mbwembwe. FreeCAD pia ni ya bure, ila hiyo huchora umbo zima, pamoja na kimo chake, na mgeni anaweza kuhangaika wiki nzima kabla hajasimamisha ukuta.

Hatua ya 2. Michoro inakwenda kwa nani? Hapa ndipo mfuko unapoguswa. LibreCAD hufungua baadhi ya faili za DWG, aina ya faili ya AutoCAD, lakini yenyewe huhifadhi kwa DXF, aina ya faili ya kupashana michoro kati ya programu. Muulize mhandisi wako kama DXF itamfaa; AutoCAD huifungua. Aking'ang'ania DWG, itazame QCAD Professional, ambayo huandika DWG na hununuliwa mara moja. AutoCAD ni ya kulipia kila mwezi au kila mwaka, na mwezi usio na wateja nao unadai.

Hatua ya 3. Jaribu kwa geti. Weka vipimo viwe milimita kabla ya mstari wa kwanza. Chora geti la mita 3, yaani 3000, kisha uliprinti kwa skeli ya 1:10 na uweke rula juu ya karatasi. Usome sentimita 30 kamili.

Tumia A3. Mimi nilitumia A4, ambayo urefu wake ni sentimita 29.7. Printa ilikuwa imewekwa ijaze karatasi, ikaubana mchoro kimyakimya. Fundi akapima kwa rula, akapata 28, akakata chuma cha mita 2.8. Geti likaletwa, nguzo zikalikataa, na chuma kipya nikanunua mimi. Tangu siku hiyo, kwenye dirisha la kuprinti natafuta kwanza palipoandikwa asilimia 100.

Maswali ya wanachama

Swali, kutoka Nakuru: Mwalimu, kijana wangu yuko chuoni, ana AutoCAD ya wanafunzi. Naweza kuitumia ofisini?
Jibu: Hapana, mzee wangu. Hiyo ni ya kujifunzia, si ya kazi ya mteja. SketchUp ile ya bure ya kwenye intaneti nayo ni ya matumizi binafsi.

Swali, kutoka Kakamega: Laptopu yangu ni ya zamani na stima hupotea ovyo.
Jibu: LibreCAD ni nyepesi, itakwenda. Iweke ijihifadhi kila dakika 5. Na bado ubonyeze Ctrl na S kila umalizapo mlango.

Swali, kutoka Kisumu: Nimefungua faili ya mteja, mlango unasoma 36! Mimi huchora 900.
Jibu: Dada, huyo alichora kwa inchi. Chagua mchoro wote, ukuze mara 25.4, kisha upime mlango uleule. Ukisoma 914.4, endelea na kazi.