Kupima mikoko Chwaka, Unguja, na wanafunzi wa sekondari

Ingieni maji yakiwa bado yanakupwa, mtoke kabla hayajaanza kujaa. Kamba ya mita 40 yenye fundo kila mita 10 inatosha kuzungushia eneo la mraba. Miti itambuliwe kwa mizizi: mkoko (hapa ni aina moja tu ya mikoko) una mizizi iliyopinda kama matao, mchu, aina nyingine, huchomoza vijiti topeni, na jani lake ukililamba lina chumvi (watabisha mpaka waonje). Mzingo wa shina hupimwa mita 1.3 kutoka chini. Kwa mkoko, sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Kila mti uliopimwa utiwe chaki, la sivyo utahesabiwa mara mbili. Visiki navyo vihesabiwe: vya panga vina mkato safi, mti ulioanguka wenyewe umechanika.