Dumu Ndilo Linalomwagisha Maziwa

Wakaguzi wakikamata maziwa mabovu na kuyamwaga shimoni, lawama zote huwaangukia wao. Miaka niliyokaa kwenye vituo vya kukusanyia maziwa imenifundisha kuangalia dumu kwanza.

Lile dumu la lita 20 lililowahi kubeba mafuta ya kula lina mdomo mwembamba, mkono hauingii. Mfugaji analitikisa kwa maji na mchanga kidogo, anaridhika. Pitisha kidole pale kwenye mshikio, kwa ndani, kisha unuse. Kuna utando unaonata, na huo ndio unaochachusha maziwa ya leo kabla bodaboda hajafika barabara kuu. Tumia keni ya alumini yenye mdomo mpana. Ni ghali, najua. Vikundi vingine huchangishana. Ioshe kwanza kwa maji baridi, maana maji ya moto hugandisha mabaki ya maziwa kwenye chuma. Kisha sugua kwa maji ya moto na sabuni, suuza, iinamishe kichanjani juani.

Maziwa ya jioni yasiyopozwa usiyachanganye na ya asubuhi. Kama huna jokofu la kuyashusha hadi nyuzi 4, yauze jioni hiyohiyo au yachemshe ugandishe mtindi.

Kituoni mpokeaji huchanganya maziwa na spiriti kwa kipimo sawa kwenye kichupa. Yakiacha chenga kwenye kioo, yanarudi na mwenyewe. Wapo wanaotia magadi ili uchachu usisikike, na hao siwatetei. Dumu moja likipenya, tangi zima linaharibika, na Bodi ya Maziwa, iliyoanzishwa kwa Sheria ya mwaka 2004, au Shirika la Viwango Tanzania (TBS), linalosimamia usalama wa chakula tangu 2019, haiwezi kuchambua lita zipi ni za nani.

Ng'ombe aliyechomwa sindano ya antibayotiki, maziwa yake yasipelekwe hadi siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa ziishe. Kuchemsha hakuondoi dawa. Kabla ya kukamua, matone ya kwanza yakamulie kwenye kikombe cheusi. Ukiona mabonge, kiwele kinaumwa.

Yakikataliwa kwa ubovu, yafukie mbali na kisima. Usiyapitishe kwa mama ntilie kwa bei ya kutupa: chai ya wateja wake ikikatika, kesho hatanunua hata yale mazima.