Namna ya Kutunza Miguu Iliyokufa Ganzi kwa Sababu ya Ukoma

Padri Damien, Mbelgiji aliyefika mwaka 1873 kuwahudumia wagonjwa wa ukoma waliotengwa kwenye rasi ya Kalaupapa, kisiwani Molokai huko Hawaii, husimuliwa kuwa mwaka 1884 alitumbukiza mguu katika maji ya moto, ngozi ikababuka, naye asihisi lolote, kwani ukoma ulikuwa umempata yeye pia na kuua hisia za mguu. Dawa mseto, yaani dawa kadhaa za ukoma zinazotumiwa pamoja, huua vimelea, lakini ganzi iliyokwisha kuingia mara nyingi haiondoki, kwa hiyo macho hayana budi kufanya kazi ya maumivu.

Kila jioni weka maji baridi kwenye beseni, kamwe yasiwe ya moto, uloweke miguu kwa muda wa dakika ishirini hivi. Ngozi ikishalainika, sugua sugu polepole kwa jiwe la kusugulia miguu. Wembe usiuguse, hata kama jirani anausifia. Usikaushe kabisa: paka mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu, ili maji yabaki ndani na nyufa zisipate nafasi.

Kisha kagua nyayo kwa kioo, au umwombe mtu wa nyumbani akutazamie, ukitafuta wekundu, lengelenge, mwiba au mahali penye joto kuliko pengine. Kabla ya kuvaa viatu, vikung'ute na kupitisha macho ndani, kwani kokoto moja hutosha kuchimba kidonda siku nzima bila wewe kujua. Ukiona jeraha, lifunike kwa kitambaa safi, usiukanyagie mguu huo, na uende kituo cha afya.