Jinsi ya Kuizuia Televisheni Isiharibu Sauti ya Stirio Sebuleni

Katika nyumba nyingi ninazoitwa kufanya kazi hapa Mwanza, kuanzia Nyegezi hadi Kirumba, televisheni hukaa katikati ya ukuta wa sebule, spika zikiwa zimeibana kushoto na kulia, na amplifaya ikiwa chini yake katika kabati lilelile. Mpangilio huo unapendeza macho, lakini unaidhuru sauti ya muziki kupitia nyaya, kupitia kioo cha televisheni na kupitia mtikisiko wa kabati. Kabla hujanunua spika nyingine, fuata hatua hizi, kwa kuwa nyingi kati yake hazihitaji fedha.

Hatua ya 1: Tafuta chanzo cha mvumo

Washa amplifaya na televisheni bila kupiga muziki, kisha ongeza sauti hadi kiwango unachosikilizia kila siku. Ukisikia mvumo mzito usiokatika, chomoa waya wa antena au wa dishi nyuma ya televisheni au king'amuzi. Mvumo ukitoweka hapo hapo, umeupata mzizi wa tatizo. Usipotoweka, punguza sauti hadi sifuri, chomoa waya wa sauti unaotoka kwenye televisheni, kisha rudisha sauti kama ilivyokuwa na usikilize tena. Mvumo ukibaki hata baada ya hapo, televisheni haihusiki na amplifaya yenyewe ndiyo ya kukaguliwa.

Mvumo huo hutokea hivi. Nguzo ya dishi hugusa bati au ardhi, na amplifaya nayo huwa na waya wake wa athi katika plagi ya pini tatu. Njia hizo mbili za kwenda ardhini zikitofautiana kidogo tu kwa volti, mkondo hupita kwenye ganda la chuma lililo ndani ya waya wa sauti, na amplifaya huukuza kama inavyokuza muziki. Katika vilima vya mawe kama Mabatini na Bugando, ambako kuzamisha nondo ya athi kwenye udongo wa kutosha ni kazi ngumu, ninakutana na hali hii mara kwa mara. Mteja mmoja wa Pasiansi alikuwa amekwisha kubadilisha amplifaya, na mvumo ukabaki uleule, kumbe ulikuwa unashuka kutoka kwenye dishi.

Hatua ya 2: Kata njia ya mvumo

Usikate wala kuchomoa pini ya athi kwenye plagi, hata kama kufanya hivyo kunaondoa mvumo, kwa sababu pini hiyo ndiyo inayokulinda umeme unapovuja kwenye bodi ya kifaa. Anza kwa kuchomeka televisheni, king'amuzi na amplifaya kwenye ekstensheni moja. Ikiwa haitoshi, tumia waya wa optikali, ambao husafirisha sauti kwa mwanga na hivyo hauna chuma cha kupitisha mkondo. Amplifaya isiyo na tundu hilo itahitaji kisanduku kidogo cha kubadilisha sauti ya dijitali; ukikitumia, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya televisheni na uchague PCM (sauti ya dijitali isiyobanwa), la sivyo huenda usisikie kitu.

Vipo pia vifaa vya kutenganisha waya wa antena. Vinafaa antena ya kawaida, lakini vingi havifai kuwekwa kati ya dishi na king'amuzi, kwani king'amuzi hupeleka volti 13 au 18 kwenye kichwa cha dishi kupitia waya huohuo.

Hatua ya 3: Shughulikia kioo

Naipa hatua hii uzito kuliko zote, kwa sababu mvumo humkera kila mtu, ilhali madhara ya kioo huzoeleka mpaka mwenye nyumba akaamini kwamba spika zake ni mbovu. Sauti nyembamba hugonga kioo, hurudi na kumfikia msikilizaji zikiwa zimechelewa kidogo nyuma ya zile zilizotoka moja kwa moja kwenye spika, na sauti ya mwimbaji, ambayo ingesimama wazi katikati, inatawanyika.

Sogeza spika mbele ili nyuso zake ziwe kama sentimita 30 hadi 60 mbele ya kioo, uzitenganishe na televisheni kadiri chumba kinavyoruhusu, na uzielekeze kidogo kwenye kiti chako. Unaposikiliza muziki tu, zima televisheni na uifunike kwa blanketi zito. Kanga au kitenge ni chepesi mno kwa kazi hii. Usiifunike ikiwa inawaka, kwa maana inahitaji hewa ya kupoa.

Hatua ya 4: Ondoa mtikisiko

Piga wimbo wenye besi nzito na uweke kiganja nyuma ya televisheni. Ukihisi plastiki inatetemeka, ondoa spika na sabufa juu ya kabati, kaza skrubu za miguu ya televisheni, na uweke chini yake vipande vya mpira wa kandambili kuukuu.

Hatua ya 5: Pima upya

Kaa katikati ya spika, ufumbe macho, na upige wimbo wa mwimbaji mmoja mara mbili, kioo kikiwa wazi na kikiwa kimefunikwa. Kama sauti yake bado inavutwa upande mmoja, sogeza spika ya upande huo nyuma sentimita chache, kisha rudia.