Singa za mkonge kwenye resini: jinsi ya kufanya zishike kwelikweli

Wengi wanaochanganya mkonge na resini ya poliesta (ile plastiki ya kimiminika inayoganda) wanakuja na lalamiko moja tu, kibao kinatoka kizuri, kinang'aa, ukikikunja kidogo pwaa. Angalia pale palipovunjika, utakuta singa zimechomoka safi kabisa kama sindano inavyotoka kwenye nguo. Hiyo maana yake singa zilikuwa bado na nguvu zake zote, kilichoachia ni mshiko.

Mkonge una nta kwa juu na unapenda sana maji, ukiuacha tu hewani unabeba unyevu kama asilimia 10 ya uzito wake, na plastiki na maji hazipatani. Kwahiyo kazi yetu karibu yote iko kwenye kuandaa singa kabla hujagusa resini.

Chukua mkonge mrefu uliopigwa brashi, yale makapi ya korona (mashine ya kukwangua majani ya mkonge) waachie wa magodoro. Ukate usawa wa kalibu yako.

Sasa kostiki soda. Pima gramu 50, weka kwenye maji ya baridi karibu lita moja, ndo asilimia 5 hiyo. Soda ndo inaingia kwenye maji, usije ukamwaga maji juu ya soda maana inachemka na kukurukia usoni. Ndoo ya plastiki, sufuria ya alumini usiilete hapo inaliwa na inatoa gesi inayowaka. Glavu na miwani lazima, naomba sana. Loweka masaa manne hivi, maji yatageuka ya kahawia, ndo nta na uchafu mwingine vinatoka na singa inabaki na mikwaruzo ambayo resini inaishika. Kuna watu wanaongeza soda wakidhani ndo nguvu zaidi, hapana, ikizidi inaanza kula selulosi yenyewe na selulosi ndo uti wa mgongo wa singa. Suuza mara nyingi, suuzo la mwisho tia siki kidogo, pima na karatasi ya litmasi mpaka soda iishe.

Kukausha ndo watu wanaharakisha na ndo wanapoharibu. Jua siku mbili, halafu oveni nyuzi 80, pima kwenye mizani kila baada ya muda mpaka uzito usipungue tena. Ukiwa Tanga au Dar na ile hewa ya pwani, zikishakauka usizilaze nje, paka resini siku hiyohiyo, ukishindwa zifunge kwenye nailoni.

Kwenye kalibu zilaze singa kuelekea kule mzigo utakakovuta, ukizimwaga ovyo kila upande unagawana nguvu. Kwa kazi ya mkono singa ziwe asilimia 20 mpaka 30 ya uzito, zikizidi hapo resini haifiki kote. Piga rola mpaka mapovu yaishe, halafu gandamiza kwa klampu, kila povu ni mahali ufa utaanzia. Na kama resini yako inatumia kobalti (ya kuharakisha kuganda), changanya kobalti kwenye resini kwanza ndo katalisti (dawa ya kugandisha) ifuate, hivyo viwili vikikutana vyenyewe vinalipuka.

Wanaotumia polipropilini ya kuyeyusha, ongeza ile polipropilini iliyounganishwa na maleiki anhidridi, asilimia 2 mpaka 5 inatosha kuunganisha pande mbili, singa na plastiki, na moto usivuke nyuzi 200, singa zitaungua.

Kabla ya kazi kubwa tengeneza vipande viwili sawa, kimoja cha singa zilizooshwa kwa soda kingine hazijaoshwa, vilaze juu ya matofali mawili uning'inize ndoo katikati ukiongeza maji taratibu. Ila kama kitu chako kitapigwapiga, mfano bampa, kijaribu na kwa nyundo pia, kwasababu singa inapochomoka inameza nguvu ya pigo, mshiko ukikaza sana kibao kinaweza kuwa kigumu lakini kikapasuka haraka.

Ukishakata kibao paka resini kwenye kingo zote, singa zilizokatwa zina vinywa wazi na maji yanapitia hapohapo.