Ramani ya nyuzi: kuonyesha jinsi Ubuddha ulivyosafiri kati ya China ya kale na majirani zake

Ramani nyingi za kuenea kwa Ubuddha zina mshale mmoja mnene: unatoka India, unaingia China, unaishia Japani. Mshale huo unapotosha. Dini hii ilipita nchi kavu na baharini, ilibebwa na wafanyabiashara, mateka, mabalozi na watawa, na watu walikwenda na kurudi kwa zaidi ya miaka 800. Mwongozo huu ni wa mwalimu wa historia wa Moshi au Arusha anayetaka kutengeneza na wanafunzi wake ramani ya ukutani isiyorudia kosa hilo. Kazi inachukua siku mbili za klabu kuandaa kitambaa, kisha kipindi kimoja cha dakika 80 kuweka nyuzi.

Nunua mita mbili na nusu za marekani nyeupe yenye upana wa sentimita 150. Ukitaka kupunguza gharama, tafuta shuka nyeupe la mtumba sokoni Kiboriloni, Moshi. Kwa Arusha, jaribu Kilombero. Kitambaa kipya kifuliwe kabla ya kuchora, maana kitaruka kikifuliwa baadaye na vipimo vyote vitaharibika. Lakini kikishafuliwa kinanyonya wino na mistari inasambaa. Dawa yake ni wanga: chemsha vijiko viwili vya mezani vya wanga wa muhogo katika lita moja ya maji, paka, anika kivulini, kisha piga pasi kingali na unyevu kidogo. Jaribu maka peni kwenye pindo kwanza.

Mahitaji mengine ni nyuzi za kufumia za rangi nne (nyekundu mita 5, bluu mita 12, kijani mita 4, njano mita 5), pini 40 zenye vichwa vya plastiki, rula ya mita moja, penseli, na nusu karatasi ya manila iliyokatwa vipande vya sentimita 4 kwa 8. Pini za chuma kitupu zinashika kutu wakati wa masika na kuacha madoa yasiyotoka.

Chora miraba ya sentimita 12.5. Kila mraba ni digrii 5, kwa hiyo digrii moja ni sentimita 2.5. Anzia longitudo 65 mashariki upande wa kushoto hadi 140 upande wa kulia, yaani miraba 15. Chini anzia latitudo 5 kusini, panda hadi 45 kaskazini, yaani miraba 10. Ramani itakuwa na upana wa sentimita 187.5 na urefu wa 125, na itabaki nafasi ya pindo pande zote. Vikundi vitano vikigawana miraba 150, kila kimoja kinapata 30.

Onya wanafunzi mapema kuhusu rula. Kusini-kaskazini, sentimita moja ni kama kilomita 44 popote pale, hivyo umbali wa Moshi hadi Arusha ungekuwa chini kidogo ya sentimita mbili. Mashariki-magharibi mambo hubadilika: kwenye latitudo 35, ilipo miji mikuu ya China ya kale, digrii moja ni kilomita 91 hivi badala ya 111. Atakayepima safari ya huko kwa kipimo cha ikweta atazidisha umbali kwa zaidi ya moja ya tano.

Chora pwani, milima ya Himalaya na Pamir, na jangwa la Taklamakan. Mipaka ya nchi za leo iache kabisa. Ukiiweka, mwanafunzi ataona Kucha na Khotan ndani ya China na kudhani kwamba Wachina ndio waliokuwa wakiishi huko, wakati zilikuwa falme zenye lugha zao na watawa wao.

Sasa weka vituo, kwa kukaribia digrii nzima. Namba ya kwanza ni kaskazini, ya pili mashariki. Bodh Gaya, Buddha alipopata mwangaza, 25 na 85. Peshawar, katika nchi ya Gandhara, 34 na 72. Samarkand 40 na 67. Bamiyan 35 na 68. Kashgar 39 na 76. Kucha 42 na 83. Khotan 37 na 80. Turfan 43 na 89. Dunhuang 40 na 95. Liangzhou 38 na 103. Chang'an 34 na 109. Luoyang 35 na 112. Nanjing 32 na 119. Yangzhou 32.5 na 119.5. Guangzhou 23 na 113. Luy Lâu, kaskazini mwa Vietnam, 21 na 106. Anuradhapura ya Sri Lanka 8 na 80. Lhasa 30 na 91. Kwa Korea: Gungnae 41 na 126, Hanseong 37.5 na 127, Gyeongju 36 na 129. Nara ya Japani 35 na 136. Palembang, mji wa ufalme wa Srivijaya, ndio pekee ulio kusini mwa ikweta: 3 kusini na 105 mashariki. Uko karibu latitudo moja na Moshi, na wanafunzi hulikumbuka hilo kuliko jambo lingine lolote.

Kosa la kawaida hapa ni pini ya Beijing. Katika karne tunazozungumzia, mambo makubwa yalikuwa Luoyang, Chang'an na Nanjing.

Nyuzi ziwekwe kwa mpangilio wa miaka, na kwa kanuni moja: mtu alipokaa muda mrefu, funga fundo. Mafundo ndiyo yatakayosema ukweli ambao mshale hauwezi kuusema.

Nyekundu ni ya watawa waliokuja China kufundisha na kutafsiri maandiko. Uzi wa An Shigao, aliyefika Luoyang mwaka 148, uanzie nje ya pindo la kushoto, kwa kuwa alitoka Parthia, katika Iran ya leo. Wa Kumārajīva uanzie Kucha, alikozaliwa na mama wa ukoo wa kifalme na baba kutoka India. Ufunge fundo kubwa Liangzhou. Alitekwa na jenerali aliyetumwa kutoka Chang'an, akazuiliwa huko miaka kama 17, na humo akaijua lugha ya Kichina vizuri. Alipofikishwa Chang'an mwaka 401, tafsiri zake zilizipita zote zilizotangulia. Uzi wa tatu mwekundu usisahaulike, ule wa Kang Senghui. Familia yake ilikuwa ya Wasogdia, watu wa eneo la Samarkand, waliokaa India. Baba yake mfanyabiashara akahamia kaskazini mwa Vietnam, na yeye akapanda hadi Nanjing mwaka 247. Kwa hiyo Vietnam, ambayo vitabu vingi huiweka kama mpokeaji wa mwisho, iliipelekea China walimu.

Bluu ni ya watawa waliotoka China kutafuta vitabu vya dini. Faxian aliondoka Chang'an mwaka 399 kwa miguu kupitia Dunhuang na Khotan, akarudi kwa meli kutoka Sri Lanka na kutua Shandong, pwani ya China, mwaka 412. Xuanzang aliondoka 629 bila ruhusa ya serikali, akaenda na kurudi kwa nchi kavu, akaingia Chang'an mwaka 645 na maandiko 657 juu ya farasi 20. Wote wawili walivuka njia za milimani zinazozidi mita 4,000. Darasa la Moshi lielezwe hivi: ni juu kuliko Horombo, kituo cha wapanda Kilimanjaro chenye mita 3,720, na huko hapakuwa na vibanda wala kikosi cha wapagazi. Yijing alishika bahari. Aliondoka Guangzhou mwaka 671 kwa upepo wa kaskazi, akafika Srivijaya katika siku zisizozidi 20, akakaa miezi sita akijifunza sarufi ya Kisanskrit kabla ya kuendelea India. Funga fundo Palembang. Hapa mwalimu asihangaike na maneno magumu. Anayejua kaskazi na kusi za majahazi yetu anajua tayari kwa nini msafiri wa bahari alilazimika kusubiri bandarini miezi kadhaa.

Kijani ni ya kutoka China kwenda kwa majirani, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kati ya mwaka 317 na 589 China ilikuwa imegawanyika kaskazini na kusini. Hivyo uzi wa Goguryeo, ufalme wa kaskazini mwa Korea, ulioletwa na mtawa Sundo mwaka 372, uanzie Chang'an, kwani mfalme Fu Jian wa kaskazini ndiye aliyemtuma. Uishie Gungnae, Pyongyang ilifanywa mji mkuu mwaka 427 tu. Uzi wa Baekje, ufalme wa kusini-magharibi mwa Korea, wa mwaka 384 uanzie Nanjing, uvuke bahari hadi Hanseong. Silla, ufalme wa tatu wa Korea, wa Gyeongju, iliyokuwa kwenye kona ya mbali, iliikubali dini rasmi mwaka 527, baada ya upinzani wa makabaila. Wanafunzi wa Kilimanjaro wanaojua wamisionari walivyoanza kwa kumwona mangi wataelewa haraka kwa nini pote huko habari inaanza na mfalme.

Kutoka Baekje, vuta uzi hadi Nara. Kadi yake iwe na miaka miwili, 538 na 552, kwa kuwa kumbukumbu za kale za Japani zinatofautiana. Vivyo hivyo kwa Luoyang: kisa cha ndoto ya mfalme Ming inayosemwa kuwa ndiyo iliyoleta Ubuddha China, na cha Hekalu la Farasi Mweupe, ni mapokeo, kiandikwe kwa penseli. Kwa kalamu andika mwaka 65, maana waraka wa kifalme wa mwaka huo unataja Wabuddha waliokuwa chini ya mwana wa mfalme, Liu Ying.

Uzi wa Jianzhen, mtawa wa Yangzhou, ndio mgumu kuliko yote, usiufupishe. Aliombwa mwaka 742 aende Japani kuweka watawa wakfu. Kwa desturi, mtawa huwekwa wakfu mbele ya watawa kumi waliokamilika, watatu wa kuongoza na saba mashahidi. Vitabu peke yake havikutosha. Jaribio la tano, mwaka 748, dhoruba ilimtupa hadi kisiwa cha Hainan. Basi uzi utoke Yangzhou, ushuke hadi 19 na 110, upande tena, ndipo uende Nara. Alifika Japani mwaka 753, katika jaribio la sita, akiwa ameshapoteza macho.

Njano ni ya watawa wa nchi jirani waliosafiri wenyewe: Hyecho wa Silla aliyezunguka India na kufika Kucha mwaka 727, Saichō na Kūkai waliovuka kutoka Japani mwaka 804, na Ennin, wa Japani pia, aliyekaa China kuanzia 838 hadi 847 na kushuhudia mateso ya Wabuddha ya mwaka 845.

Nyuzi zikishakaa, tumia dakika 20 za mwisho kwa lugha. Wafasiri wa kwanza walikopa maneno ya Kidao, falsafa ya Wachina wenyewe: nirvana, yaani ukombozi wa mwisho katika Ubuddha, ikaitwa wuwei, neno lenye maana ya kutotenda kwa nguvu. Waulize wanafunzi kilichopatikana na kilichopotea pale Wachaga Wakristo walipoendelea kumwita Mungu Ruwa, au Wamaasai Engai. Kisha andika ubaoni neno moja lenye herufi moja ya Kichina, Buddha: China fo, Korea bul, Japani butsu, Vietnam phật. Majirani hao watatu walisoma maandiko yaleyale ya Kichina, kila mmoja kwa matamshi yake. Vietnam ina pia neno la zamani zaidi, Bụt, lililotoka India moja kwa moja. Kwa hiyo Luy Lâu ipate uzi wake mwekundu wa baharini kutoka India. Tibet ilitengeneza mwandiko kwa mfano wa India na kutafsiri hasa kutoka Kisanskrit, ndiyo maana Lhasa hupewa nyuzi mbili, moja kutoka India na moja kutoka China.

Kadi zishonwe kwa mishono miwili badala ya kugundishwa, kwani gundi hukauka na kadi huanguka. Ramani isikunjwe. Toa pini, shona kila fundo na kona kwa uzi mweupe, kisha viringisha kitambaa kwenye bomba la plastiki la inchi mbili, nyuzi zikiwa upande wa nje ili zisijikunyate.